Kupima kasi ya kupukutika kwa vijidudu kwenye tope hai kwa ndoo na probu ya oksijeni

Ukitaja majitaka hapa Dodoma, wengi huwaza mabwawa ya Swaswa. Ni sawa, lakini tangu Serikali ihamie huku, hosteli, hoteli na majengo ya ofisi yamechipuka kuliko mabomba ya majitaka yanavyofika, na baadhi yamefungiwa mitambo yao midogo ya tope hai: tangi la hewa, blowa, tangi la kutuamisha, na pampu ya kurudisha tope. Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia mtambo wa aina hiyo, au mwanafunzi aliyepelekwa mafunzo kwa vitendo akaambiwa atafute ile namba ambayo vitabu huiandika b au kd.

Mimi naiita kasi ya kupukutika. Wapo wanaoiita kasi ya kuoza, ila ukimwambia mtu vijidudu vya mtambo wake "vinaoza" ataziba pua. Vijidudu kwenye tangi la hewa wanaishi kama kaya yenye kihenge. Chakula kikiingia, wanakula na kuzaana. Kikikatika, wanaanza kula akiba iliyomo miilini mwao. Wengine wanakufa, wengine wanaliwa na protozoa, wengine wanapasuliwa na virusi, na mabaki yao yanageuka chakula cha walio hai. Vyote hivyo vinaendelea kila saa, hata mtambo unapopokea maji mengi. Namba b inavitia vyote kwenye kapu moja: kwa siku moja, ni sehemu gani ya vijidudu hai imetoweka.

Kwa nini usumbuke

Kwa sababu namba hii ndiyo inayoamua utatoa tope kiasi gani na blowa itakula umeme kiasi gani. Chukua mtambo unaoondoa kilo 100 za COD kwa siku (uchafu uliopimwa kwa oksijeni unayohitaji ili uungue), umri wa tope siku 10, yaani muda ambao tope hukaa mtamboni kabla ya kutolewa. Kila kilo ya COD inayoliwa huzaa takriban kilo 0.45 za vijidudu kabla ya kupukutika, na tuseme asilimia 20 ya kinachokufa hubaki kama takataka isiyolika. Hesabu ni hii:

Tope linalobaki = 0.45 × (1 + 0.2 × b × umri) ÷ (1 + b × umri)

Ukiweka b ya 0.10 unapata 0.27, yaani kilo 27 za tope kavu kila siku. Ukiweka 0.26 unapata 0.19, yaani kilo 19. Tofauti ya kilo 8 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba tope linatoka tangini likiwa maji matupu. Kwa tope lenye asilimia moja ya yabisi, yaani kitu kikavu, kilo 8 ni lita 800 kwa siku. Hizo ndizo zinazojaza vitanda vya kukaushia, au zinazokufanya uite gari la kunyonya mara mbili badala ya mara moja. Na zile kilo 8 zisizotoka kama tope zimeunguzwa ndani ya tangi, kwa hiyo oksijeni yake umeilipia kwenye luku.

Kabla ya kushika ndoo, jua unapima b ipi

Hapa ndipo watu hupotea. Unafungua kitabu kimoja unakuta 0.06 kwa siku. Kingine kinasema 0.24. Unafungua programu ya kuiga mitambo, imeshajiwekea 0.62. Zote kwa nyuzi 20. Kijana mmoja aliwahi kuniambia amechukua wastani wa zote tatu. Nikamwuliza, ukiambiwa shamba ni ekari mbili na nusu, hekta moja na mita mia kwa mia, utachukua wastani?

Ile ndogo mara nyingi imehesabiwa juu ya yabisi yote inayoungua, vijidudu hai pamoja na mabaki yaliyokufa zamani. Kwa vile mabaki hayapukutiki, kasi inaonekana ndogo. Ile 0.24 ni ya watafiti wa Afrika Kusini, Marais na Ekama, ya mwaka 1976, na inahesabu vijidudu hai peke yao. Ile 0.62 ni ya modeli namba 1 ya tope hai iliyotolewa mwaka 1987. Modeli hiyo haisemi kijidudu anajila mwenyewe. Inasema anakufa, mwili wake unakuwa chakula, wenzake wanaula na kuzaana tena. Kwa kuwa sehemu kubwa ya waliokufa "hurudi" kwa njia hiyo, lazima idadi ya wanaokufa iwe kubwa zaidi ili matokeo ya mwisho yafanane. Daraja kati ya hizo mbili ni hili:

b ya kawaida = b ya modeli × (1 − 0.67 × (1 − 0.08))

Hapo 0.67 ni sehemu ya chakula inayogeuka miili mipya, na 0.08 ni sehemu ya mwili uliokufa ambayo modeli huihesabu kuwa takataka isiyolika. Zidisha 0.62 kwa mabano hayo, ambayo ni 0.384, upate 0.24. Namba mbili zilizoonekana kugombana kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Tunachopima hapa chini ni ile ya kawaida, ya familia ya 0.24. Tunaacha tope bila chakula na kuangalia kasi yake ya kuvuta oksijeni inavyoshuka siku hadi siku, maana oksijeni inayovutwa inalingana na vijidudu waliobaki hai.

Vifaa

Huhitaji maabara ya chuo kikuu. Unahitaji ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, pampu ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo yenye mawe mawili ya kutoa mapovu kwa kila ndoo, na probu ya oksijeni inayoingia kwenye chupa ya mililita 300, ile ya kupimia BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huvuta wakila uchafu. Ongeza sumaku ya kukorogea, kipimajoto, kipima pH, saa ya simu, kalamu ya wino usiofutika, mwiko wa mpira, beseni pana, glavu na gambuti. Ndoo ya pili si ya mapambo. Ndoo moja ikikupa 0.25 na ya pili 0.27, una jibu. Zikikupa 0.18 na 0.33, huna, na ni heri kujua.

Ongeza pia alilithiourea, ile ambayo chupani huandikwa ATU. Inawafunga mdomo bakteria wa naitrifikesheni, wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Vijidudu wanapopukutika wanaachia amonia, na wale bakteria wakiidaka watavuta oksijeni yao wenyewe juu ya ile unayoipima. Mwili wa kijidudu mmoja ukiungua bila naitrifikesheni unahitaji gramu 1.42 za oksijeni kwa kila gramu. Pamoja na naitrifikesheni unafika 1.98. Miligramu 20 kwa lita zinatosha, na uiongeze kila baada ya siku mbili kwa sababu nayo huchoka.

Jambo la mwisho kwenye vifaa: maji yaliyokenekwa. Usitumie ya bombani. Yana klorini, na maji yetu ya visima vya Makutupora kila mtu hapa anajua yalivyo na chumvi. Kituo cha mafuta wanauza maji ya betri, na ni bei nafuu, ila soma kibandiko mara mbili, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri. Ukiimimina hiyo kwenye ndoo umemaliza kipimo na vijidudu wote kwa mpigo mmoja.

Siku ya kuanza

Chota tope kwenye tangi la hewa blowa ikiwa inafanya kazi na maji yanazunguka vizuri. Usichote juujuu kwenye povu wala chini kabisa penye mchanga. Pitisha kwenye chujio la chai lenye matundu makubwa ili nywele na vipande vya plastiki vibaki. Weka lita 10 kwenye kila ndoo. Kama tope ni zito mno, lipunguze kwa maji yaliyosafishwa ya mtambo huohuo mpaka yabisi inayoungua iwe kati ya miligramu 2,000 na 3,000 kwa lita. Huwezi kuipima? Acha liwe lilivyo. Kwa b peke yake hutaihitaji.

Washa hewa. Weka ATU. Ikalishe ndoo ndani ya beseni lenye maji, chumbani, mbali na dirisha. Beseni linafanya kazi ya mtungi: linazuia joto lisipande na kushuka ovyo. Dodoma mwezi wa Julai, asubuhi unavaa sweta na mchana unalivua. Ndoo iliyoachwa barazani itapitia hayohayo, na vijidudu wa nyuzi 28 huvuta oksijeni karibu robo zaidi ya wale wa nyuzi 20.

Chora mstari wa wino kwenye ukuta wa ndoo, usawa wa maji. Andika tarehe na saa. Mstari huo ndio kifaa muhimu kuliko probu, nitaeleza kwa nini.

Kila asubuhi, saa ileile

Mimi hupima saa mbili asubuhi. Saa yoyote inafaa mradi isibadilike.

Kwanza sugua ukuta wa ndoo kwa mwiko. Utakuta pete ya tope lililokauka juu ya usawa wa maji. Lirudishe lote ndani. Kisha ongeza maji yaliyokenekwa mpaka kwenye mstari, koroga, subiri dakika tano. Pima joto na pH. pH ikikaa karibu na 7 uko salama. Ikishuka chini ya 6.5, ujue ATU imeisha nguvu na naitrifikesheni imeanza. Ongeza ATU, na rudisha pH kwa magadi kidogo.

Halafu chota tope kwenye chupa, itikise mpaka oksijeni ipande ifike 6 hivi. Usitafute 8, kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 na kitu, maji ya nyuzi 24 hayashiki zaidi ya miligramu 7.3 hivi kwa lita, wakati usawa wa bahari yangeshika 8.4. Jaza chupa mpaka ifurike, ingiza probu pasibaki povu hata moja chini yake, washa sumaku. Andika usomaji kila nusu dakika.

Siku za mwanzo oksijeni inaporomoka: kutoka 6 hadi 3 ni dakika kumi. Chora nukta, uone mstari ulionyooka, upate mteremko wake. Ukishuka miligramu 0.30 kwa dakika, basi kasi ya kuvuta oksijeni ni 0.30 × 60, yaani miligramu 18 kwa lita kwa saa. Usiendelee chini ya 2, hapo vijidudu wanaanza kukosa pumzi na mstari unapinda. Kufika siku ya saba mteremko ni mdogo sana, kama 0.06 kwa dakika, kwa hiyo mpe nusu saa nzima. Wengi huacha kwa dakika kumi kama walivyozoea, halafu wanashangaa nukta za mwisho zinarukaruka kama bisi.

Ukimaliza, rudisha tope la chupa kwenye ndoo. Lolote utakalolitoa bila kulirudisha, kwa mfano la kupima yabisi, litoe baada ya kuongeza maji, kisha chora mstari mpya.

Fanya hivyo siku saba mpaka nane. Zaidi ya kumi haina faida kubwa. Oksijeni inayovutwa inakaribia kiwango cha kelele za probu.

Ndoo iliyonuka na ndoo iliyokauka

Kipimo changu cha kwanza nilikifanyia kwenye hosteli moja upande wa mashariki wa jiji. Siku ya nne nafika getini, mlinzi ananisubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, ile ndoo yako inanuka mayai. Umeme ulikatika saa tatu usiku, umerudi alfajiri."

Nilitaka kuendelea tu, maana siku tatu za kazi zinauma. Nikapima, na kasi ikawa imepanda badala ya kushuka. Sababu ni kwamba bila hewa kupukutika kunapungua mwendo, lakini tope linaanza kuvunda na kuachia vitu vinavyolika. Hewa ikirudi, vijidudu wanavivamia kama sherehe. Kwa hiyo kanuni yangu leo: umeme ukikatika chini ya saa moja, koroga kwa mkono na uandike daftarini. Ukikatika usiku kucha, mwaga na uanze upya. Pampu ya samaki inakula wati chache tu, hata betri ya sola ya nyumbani yenye kigeuza umeme inaibeba mpaka asubuhi. Siku hizi siendi bila hiyo.

Kipimo cha pili kilifika mwisho bila umeme kukatika. Nilipata 0.23 nikafurahi. Wakati wa kuosha ndoo ndipo nikaona pete ya tope iko juu sana kuliko maji. Nikapima kilichobaki: lita nane. Kiangazi cha Dodoma na upepo wake mkavu, pamoja na pampu inayosukuma hewa kavu ndani ya maji mchana na usiku, vilikuwa vimekunywa lita mbili kwa siku saba. Tope lililobaki lilikuwa zito kwa robo nzima, kwa hiyo kila lita ilivuta oksijeni kwa robo zaidi. Kwa kuwa b hupatikana kwa logi asilia (ln kwenye kikokotoo) ya kasi ya oksijeni, kama utakavyoona kwenye Hesabu, logi asilia ya 1.25 ni 0.22, gawa kwa siku saba, ni 0.03. Ile 0.23 yangu ilipaswa kuwa 0.26. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu waandishi wa miongozo niliyoisoma wako kwenye nchi za mvua na unyevu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa namwambia kila mwanafunzi. b ni mteremko wa logi ya kasi hiyo dhidi ya siku. Kosa lisilobadilika linajifuta lenyewe. Probu yako ikisoma asilimia 15 zaidi kwa sababu umeisahihisha kana kwamba uko Dar es Salaam, namba zote zinazidi kwa kiasi kilekile, na mteremko wa logi haujui. Chupa yako ikiwa na mililita 290 badala ya 300, haijui. Hukujua uzito wa tope, haijui. Ila kitu kinachosogea kidogokidogo kila siku kinaingia moja kwa moja kwenye jibu: maji yanayokauka, tope linaloganda ukutani, joto linalopanda, utando wa probu unaochakaa, ATU inayoisha. Kukauka kunashusha b. Kuganda ukutani kunaipandisha, kwa sababu vijidudu wamehama majini bila kufa. Kwa hiyo pesa yako ndogo usiitie kwenye probu ya bei mbaya. Itie kwenye kifuniko, beseni, mwiko na maji ya betri.

Hesabu

Chukua namba hizi za mfano, ndoo moja, nyuzi 24. Kasi ya kuvuta oksijeni ni miligramu kwa lita kwa saa:

Siku 0: 28.0
Siku 1: 18.0
Siku 2: 13.9
Siku 3: 10.7
Siku 4: 8.3
Siku 5: 6.3
Siku 6: 5.0
Siku 7: 3.8

Tafuta logi asilia ya kila moja. Kuanzia siku ya 1 utapata 2.89, 2.63, 2.37, 2.12, 1.84, 1.61 na 1.34. Chora dhidi ya siku. Nukta zinakaa kwenye mstari, na mteremko wake ni −0.26. Ondoa alama ya kutoa: b ni 0.26 kwa siku. Kwenye Excel, weka siku safu moja, logi safu ya pili, na SLOPE itakupa jibu kabla hujameza chai.

Siku ya 0 nimeiacha makusudi. Tope lililotoka tangini lina chakula bado tumboni na majini, na ile 28 ni ya kula, si ya kupukutika. Ukiiingiza, mteremko unakuwa 0.27. Hapa kosa ni dogo, lakini kwa tope lililolishwa majitaka makali linaweza kuwa kubwa. Mtambo unaopokea maji ya kiwanda cha mvinyo wakati wa mavuno ya zabibu, ambayo huku huja mara mbili kwa mwaka, utakuta hata siku ya 1 bado ni ya kula. Angalia mchoro: mwanzo ukiporomoka kwa ukali kisha ukatulia kwenye mstari, anza pale ulipotulia. Usikate nukta kwa sababu hazikupendezi. Kata kwa sababu unaweza kusema zilipima nini.

Kuirudisha kwenye nyuzi 20 ili uilinganishe na vitabu, gawa kwa 1.029 iliyozidishwa yenyewe mara nne, kwa kuwa nyuzi zimezidi kwa nne. Hiyo ni 1.12. Unapata 0.23, jirani kabisa na 0.24 ya Afrika Kusini. Mtambo wako ukifika nyuzi 28 mwezi wa Novemba, kasi itakuwa karibu 0.29. Na kama programu yako inataka ile ya modeli ya 1987, gawa 0.23 kwa 0.384, uweke 0.60. Ukiweka 0.23 mahali pa 0.60, programu itakutabiria tope jingi kuliko unalotoa, na utaitukana bure.

Ukipata chini ya 0.1 au juu ya 0.5 kwa nyuzi zetu hizi, usikimbilie kusema umegundua jambo. Rudi kwenye daftari uangalie mstari wa wino, joto na ATU.

Zawadi ya ziada

Ukiwa umepima yabisi inayoungua siku ya kwanza, unaweza kujua ni kiasi gani cha tope lako kiko hai kweli. Kasi ya siku ya 1 ni 18 kwa saa, sawa na 432 kwa siku. Kila miligramu ya kijidudu anayepukutika inavuta miligramu 1.42 za oksijeni kwa sehemu ile ya asilimia 80 inayoungua. Kwa hiyo:

Vijidudu hai = 432 ÷ (1.42 × 0.8 × 0.26)

Ni kama 1,460 kwa lita. Yabisi yote ikiwa 2,600, basi zaidi kidogo ya nusu ni hai, nyingine ni mizigo. Mtambo wenye umri mkubwa wa tope utakuta robo au chini. Hapa, tofauti na b, usahihi wa probu una maana kamili: ile asilimia 15 ya mwinuko usiyoisahihisha itaingia yote kwenye jibu. Isahihishe kwa shinikizo la hewa la mahali ulipo, ambalo kwetu ni karibu kilopaskali 89, si 101.

Njia nyingine, kwa ufupi

Ipo njia ya zamani ya kuendesha matangi kadhaa yenye umri tofauti wa tope, siku 3, 6, 10, 15, kisha unachora kinyume cha umri (1 ÷ umri) dhidi ya chakula kilicholiwa kwa siku na kila kilo ya tope, na mstari unakata mhimili kwenye −b. Ni nzuri kwa shahada ya uzamili yenye muda. Kila tangi linahitaji kutulia kwa muda wa umri wake mara tatu, na b inayotoka ni ya ile familia ya yabisi yote. Kuifanya kwa kumbukumbu za mtambo halisi hapa mjini sikushauri. Hoteli inajaa wakati wa Bunge la bajeti, wabunge wakiondoka inabaki na wahudumu na paka. Hakuna wiki tatu zinazofanana.

Kupima yabisi inavyopungua ndani ya ndoo ileile nako kunawezekana, na ni uthibitisho mzuri ukiwa na tanuri la nyuzi 550. Lakini mabaki mfu hayapungui, kwa hiyo badiliko ni dogo na makosa ya mizani yanalimeza. Na bakteria wa naitrifikesheni ni habari nyingine. Hao b yao ni ndogo zaidi, na hupimwa kwa kuwapa amonia kila siku na kuangalia kasi yao ya juu inavyoshuka, bila ATU. Usidhani 0.26 yako inawahusu.

Unavyoiandika

Namba bila maelezo yake ndiyo iliyozaa yule kijana wa wastani. Kwenye daftari la mtambo andika mstari mmoja, kama huu: "b = 0.26 kwa siku, nyuzi 24, kwa vijidudu hai, njia ya oksijeni, ATU 20, siku ya 1 hadi 7, ndoo mbili (0.25 na 0.27), maji yaliongezwa kila siku, umeme haukukatika." Atakayekuja baada yako ataweza kuitumia, au kuikataa kwa sababu ya maana.

Rudia mara mbili kwa mwaka, Julai na Novemba, na pia kila mtambo unapobadilishiwa aina ya maji yanayoingia. Tope lililobaki kwenye ndoo lirudishe kwenye tangi la hewa, si mtaroni. Osha probu kwa yale maji ya betri yaliyobaki, na mawe ya hewa yaache yakauke juani siku nzima, la sivyo kipimo kijacho yatakuwa yameziba.